Tabata Waislamu wengi au Wakristo? Nauliza, mimi nachonga majeneza

Seremala wa Buguruni

Habari za leo wakuu. Naomba msome mpaka mwisho kabla hamjanirukia.

Mimi ni seremala, kibanda changu kiko Buguruni, hapa Dar es Salaam. Nilianza na vitanda na milango, lakini tangu milango ya chuma ishike mji, kinachonilisha ni majeneza. Sasa mwenye kiwanja anataka kujenga fremu, anatutoa wote. Nimepata sehemu Tabata, upande wa Kimanga, iko barabarani kabisa, kodi inavumilika ila mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Kabla sijatoa hela yangu nataka kujua: wakazi wa Tabata wamekaaje kidini? Waislamu ni sehemu gani, Wakristo sehemu gani?

Sina ajenda nyingine. Mkristo akifariki nauza jeneza, nauza msalaba, na akitaka kioo cha kuonyesha uso naongeza bei. Mwislamu akifariki jeneza linatoka msikitini, anabebwa mpaka makaburini, jeneza linarudi stoo kumsubiri mwingine. Seremala hapo anaambulia kutoa pole.

Buguruni sikuhitaji takwimu. Nimezaliwa pale, najua nyumba inayofuturu na isiyofuturu. Tabata siijui. Nikipita Ijumaa mchana nakuta mikeka mpaka barabarani. Nikipita Jumapili asubuhi nakuta spika za makanisa matatu zinagombea mtaa mmoja. Macho hayanipi jibu.

Nimeingia tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu nikafungua sensa ya 2022. Nimekuta watu wa kila kata, wanaume kwa wanawake, umri, vyoo, hadi watu wanapikia nini. Dini hakuna. Nikarudi kwenye ya 2012, hakuna. Zimefichwa wapi? Mwenye nazo aziweke hapa.

Mpenda Takwimu

Hazijafichwa mkuu, hazipo. Mara ya mwisho sensa ya Tanzania kuuliza dini na kabila ni 1967. Ya 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 zote zimeliruka swali hilo. Msimamo wa serikali ni kwamba zahanati haijengwi ya Waislamu wala kisima hakichimbwi cha Wakristo, kwa hiyo hakuna mpango unaohitaji namba hiyo.

Si kila mtu ameukubali msimamo huo. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Kiislamu viliwataka waumini wagome kuhesabiwa mpaka kipengele cha dini kirudishwe. Walikuwa wanalalamika kwamba kila leo watu wanatajiwa asilimia zao na hakuna aliyewahesabu. Serikali haikukirudisha. Iliongeza siku za kuhesabu, ikafunga hesabu kwa watu milioni 44.9, na dini ikabaki nje ya dodoso kama kawaida.

Hizo asilimia unazozisikia redioni na vijiweni ni makadirio. Taasisi ya Pew ya Marekani, kwa mwaka 2020, ilikadiria kuwa Watanzania asilimia 63 hivi ni Wakristo na 34 hivi ni Waislamu. Hiyo ni nchi nzima, na nchi hiyohiyo ina Zanzibar ambako karibu kila mtu ni Mwislamu, ina Rombo ambako Ukatoliki umeenea kila kitongoji. Ukiibeba asilimia hiyo ukaishusha Kimanga haina maana yoyote.

Afrobarometer, wale wanaofanya tafiti za maoni Afrika, nao huuliza dini. Huwa wanahoji watu 2,400 hivi. Sasa piga hesabu: sensa ya 2022 imeipa Dar watu 5,383,728 kati ya 61,741,120 wa nchi nzima, kwa hiyo katika hao 2,400 Dar itapata kama mia mbili. Na katika kila eneo dogo waliloliokota wanahoji watu wanane. Yaani Tabata ikibahatika kuokotwa itatoa watu wanane, na kati ya hao hujui kama hata mmoja ana mpango wa kufa karibuni.

Na tafadhali usizunguke na daftari mlango kwa mlango. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaihesabu imani ya dini kuwa taarifa nyeti. Ukiacha sheria, kuna mjumbe, kuna polisi jamii, kuna vijana wa kijiweni. Utaeleza mpaka jioni.

Mwana wa Pugu Road

Tumefika huku sasa. Leo dini, kesho kabila. Mwaka 2012 kule Mbagala watoto wawili walibishana juu ya msahafu, makanisa yakachomwa. Haya mambo ya nani wengi na nani wachache ndiko yanakoanzia. Modereta futa uzi huu.

Seremala wa Buguruni

Mkuu umesoma kichwa cha habari tu. Mimi nauza mbao zilizopigwa randa.

Mkaazi wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Kwetu Kenya sensa inauliza dini waziwazi na hakuna aliyepigana kwa ajili ya hilo swali. Ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, Wakatoliki wakawa milioni 9.7, Waislamu milioni 5.2 hivi, Waprotestanti wakatengwa mbali na wale wa makanisa ya kiinjilisti, na makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe yakapewa safu yao. Hata wasio na dini wana safu. Lakini jedwali nililoliona mimi limepangwa kwa kaunti. Kisauni yangu siioni mle, sembuse mtaa.

Halafu ujue ile namba inapatikana vipi. Karani alipokuja nyumbani alimkuta baba peke yake barazani. Sisi ni Wagiriama, nyumba moja utapata Waislamu, Wakristo na mzee mmoja anayefuata mambo ya wahenga na hataki kusumbuliwa. Baba ni Mwislamu. Karani akauliza dini ya mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu, baba akajibu "Mwislamu, Mwislamu, Mwislamu" mpaka watu wakaisha. Ndugu yangu ameokoka kitambo na anapiga gitaa kanisani. Kwa serikali ya Kenya yeye ni Mwislamu mpaka sensa nyingine.

Kwa hivyo hata mngekuwa nayo hiyo namba, ungejua tu baba wa nyumba anapenda iweje.

Mama Mjumbe, Kimanga

Wewe seremala, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Anayenichapia ni mjukuu wangu, herufi zikikosekana mgombezeni yeye. Na huyu anayetaka uzi ufutwe namwambia atulie. Sisi tunaoishi humu tunajuana dini zetu vizuri, tusingejuana tungepelekeana vipi pilau ya Idi na ya Krismasi?

Mimi ni mjumbe wa shina huku Kimanga na nimeingia Tabata wakati mikorosho bado inaonekana. Jibu fupi la swali lako: ukisimama kwenye Tabata ya viwanja vilivyonyooka utasema ni ya Wakristo, ukiteremka mabondeni kwenye nyumba za vyumba utasema ni ya Waislamu, na ukiingia ndani ya nyumba yenyewe utanyamaza.

Sababu ni hii. Miaka ya sabini kulikuwa na ule mradi wa viwanja na huduma, fedha zilitoka Benki ya Dunia. Ulianzia Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, halafu ukaja Mbagala na huku kwetu Tabata. Aliyeweza kulipia kiwanja na kusimamisha nyumba ni mwenye mshahara. Na wenye mshahara wakati ule walikuwa nani? Makarani, walimu, manesi, mafundi wa viwanda vya Barabara ya Pugu, watu wengi wao waliosomea shule za misheni, Uchagani, Bukoba, Rungwe, Peramiho. Ndio waliojaza ile mistari ya nyumba zenye uzio, wakaja na Ulutheri wao, Ukatoliki wao, Umoravian wao. Wenyeji wa mashamba walikuwa Wazaramo, Waislamu tangu kwa babu zao. Wao walibakiwa na vipande, wakajenga vyumba vya kupangisha. Mpaka leo mwenye nyumba akiwa mzee wa hapa utakuta ni Mwislamu, na wapangaji wake ni kila kitu kilichoshuka basi Ubungo.

Chukua nyumba moja ya shina langu. Mwenyewe ni Mzaramo, swala tano hazimpiti. Chumba cha kwanza wamo Wanyakyusa, mke na mume, Wamoraviani. Cha pili binti wa Kihaya, Mlutheri. Cha tatu fundi bomba wa Masasi, Mwanglikana. Cha nne kijana anaitwa Juma. Ukisikia Juma utamwandika Mwislamu, sivyo? Juma ni Msukuma wa Magu, Msabato, Jumamosi humpati hata umlipe mara mbili. Cha tano mama lishe wa Ujiji, Mwislamu, na mumewe ni Mkatoliki. Ndoa walifunga bomani, Sheria ya Ndoa ya 1971 inawaruhusu. Watoto wa kiume wanakwenda madrasa, wa kike wanakwenda mafundisho ya komunyo, na Ramadhani nyumba nzima inafuturu kwa sababu yule mama anapika uji wa pilipili manga ambao hata Msabato haukatai. Haya, hapo wewe na daftari lako mngeandika nini?

Wanaojua idadi yao kwa uhakika ni makanisa yale ya zamani. Wakatoliki wamejipanga jumuiya ndogondogo, jumuiya zikiungana ni kanda, na juu yake parokia. Katibu wa jumuiya ana daftari, anajua nani ametoa zaka na nani tangu Pasaka hajaonekana. Walutheri kila msharika ana namba, na namba iko kwenye bahasha ya sadaka. Ukienda kwa heshima wanaweza kukwambia wako wangapi. Lakini mipaka yao haifuati kata. Wanahesabu mtu wa Segerea pamoja na wa Kinyerezi, na yupo wa Mbezi aliyehama zamani ila hataki kuiacha kwaya yake.

Msikitini hakuna bahasha wala namba. Anayeingia anaswali, anatoka, Mungu ndiye anayejua. Na ile mikeka ya Ijumaa uliyoiona barabarani isikudanganye. Wengi wao ni madereva, wauza duka na mafundi wanaofanya kazi hapa na kulala Vingunguti au Gongo la Mboto. Swala ya Ijumaa inamkuta mtu kazini. Ibada ya Jumapili inamkuta nyumbani. Ukilinganisha hivyo viwili umelinganisha watu wa mchana na watu wa usiku.

Walokole ndio walionishinda kabisa. Kanisa linaanza Januari chini ya turubai, Juni limegawanyika, Septemba mchungaji amehamia Chanika na nusu ya viti. Nina jirani yangu mjane. Bahasha yake iko KKKT, kwa Walutheri. Jumatano utamkuta kwenye turubai la nabii fulani huko Relini. Na kuna miezi anapanda daladala mpaka Kawe kukanyaga mafuta ya upako. Nikamwuliza, shoga yangu, wewe hasa ni wa wapi? Akanijibu bila kufikiri: "Mimi nikifa ni Mlutheri. Nabii hana kwaya ya mazishi."

Sasa seremala, jibu la yule mjane ndilo linalokuhusu wewe. Mtu akiwa hai anaswali anapotaka. Akifa lazima apatikane mtu wa kusema "huyu ni wetu", na huyo ndiye anayechagua kati ya sanda na jeneza. Mara nyingine wanapatikana wawili. Alifariki mwanamume mmoja humu shinani, kwao Rufiji, jina la kuzaliwa la Kiislamu, alibatizwa alipooa. Miaka mingi hakuonekana msikitini wala kanisani, alionekana kwenye bao. Alipofariki, wajomba wakaja usiku na sanda. Kamati ya jumuiya ya mkewe ilikuwa imeshalipia jeneza. Tulikaa na wazee mpaka adhana ya alfajiri. Wajomba wanasema damu, jumuiya wanasema cheti cha ubatizo, mimi nawaangalia watoto. Mwishowe mke mwenyewe akasema, "Mchukueni. Mimi nitamwombea nilipo." Akazikwa kabla ya adhuhuri. Jeneza likarudishwa kwa fundi, na fundi akakataa kurudisha hela, akasema limeshapimwa urefu wa marehemu. Mpaka leo jumuiya ile hainunui kwake. Kwa hiyo jifunze kuwa na moyo mwepesi kuliko yule.

Jambo la pili, ambalo hata ungepewa asilimia zote usingeliona. Mkristo wa Tabata hanunui jeneza Tabata. Maiti ya Kimanga inalala mochwari ya Amana au Muhimbili, na jeneza linanunuliwa karibu na pale maiti ilipolala, kwa sababu asubuhi ya kuaga watu wanakwenda na gari, wanavalisha, wanaondoka. Nani atoke Ilala aje Kimanga kuchukua sanduku na foleni ya Mandela ile? Na Wachaga, ambao ungewategemea, wanaagwa hapa na kuzikwa kihambani Moshi. Hao wanataka sanduku imara la safari, la mninga, si la paini linaloachia misumari kabla ya Chalinze.

Na mfiwa mwenyewe hanunui kitu. Mfiwa analia. Anayenunua ni katibu wa kamati ya mazishi, ana namba ya fundi kwenye simu yake, anapiga usiku, anauliza bei mara moja tu. Kwa hiyo acha kutafuta Wakristo wangapi. Tafuta makatibu.

Ustaadh wa Segerea

Assalaam alaykum, na shikamoo Mama Mjumbe.

Naongeza upande wetu, maana fundi ameandika kama vile maiti wa Kiislamu hana haja na seremala. Ni kweli hatuziki na sanduku. Anaoshwa, anakafiniwa kwa bafta, mwanamume vipande vitatu, mwanamke vitano, anaswaliwa, anapelekwa. Jeneza la msikiti ni la kubebea tu. Lakini nani anachonga hilo la kubebea? Letu lilitoboka chini, tukaliwekea bati, vijana wakilibeba linawakata mabega.

La pili ni viunza. Ndani ya kaburi kuna mwanandani, yaani shimo dogo la kumlaza maiti, na maiti akishalazwa humo tunafunika kwa viunza kabla ya kurudisha udongo, udongo usimguse. Hizo ni mbao, fundi. Kila kaburi linazitaka, la tajiri na la masikini. Na zinatakiwa upesi, kwa kuwa sisi hatulazi maiti kama hakuna sababu. Mtu akifariki alfajiri, adhuhuri tunataka tuwe tumemaliza. Hapo hatuna muda wa kwenda mpaka Ilala. Tunanunua kwa aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi hana mbao zilizokatwa tayari, kwa hiyo kijana anatumwa na msumeno huku watu wamekaa juani. Kuna siku tulitumia mbao za kumwagia zege, bado zina saruji.

Mama amesema kweli kuhusu Amana kwa wenzetu Wakristo. Kwetu ni kinyume chake, ukaribu ndio kila kitu. Kuhusu wingi, mimi sitasema tuko wangapi. Naweza kusema misiba ninayoitwa kuosha inanitosha, na vijana wanaonisaidia wanalalamika.

Mpenda Takwimu

Ustaadh, hii ni data bora kuliko ya Pew. Swali dogo: maiti wanaoletwa kutoka hospitali nao mnatumia viunza vya hapa?

Ustaadh wa Segerea

Viunza ni vya makaburini, havijali maiti ametokea wapi. Akizikwa makaburi ya Segerea, viunza vinatoka huku.

Seremala wa Buguruni

Shikamoo mama, na ustaadh waalaykum salaam. Nimesoma mara mbili.

Mama, niulize. Hao makatibu wa kamati nitawapataje bila kuonekana nawinda vifo? Buguruni nilijulikana kwa sababu baba yangu alijulikana. Huko nikienda kujitambulisha, "mimi naitwa fulani, nachonga majeneza, karibuni," si watanifukuza? Na je, sehemu yenyewe niichukue au niiache? Mwenye nyumba ananipigia kila jioni.

Mama Mjumbe, Kimanga

Marahaba baba.

Usiende kama mchonga majeneza. Kila jumuiya ina madawati mabovu. Kila kwaya ina jukwaa linalotikisika. Msikiti wa huku chini mlango wa chumba cha wanawake umeliwa na mchwa, nimeuona mwenyewe nilipokwenda kwenye hitma. Anza na hayo, toza bei ya ujirani, kazi nyingine wapangie malipo kidogokidogo. Baada ya hapo hakuna atakayekuuliza unachonga nini kingine. Watajua.

Sabato usiwasahau. Ni wachache lakini wanalipa taslimu na hawagombani juu ya bei. Mazishi yao hayawi Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa asubuhi uwe umemaliza.

Sehemu ichukue, lakini mwambie mwenye nyumba miezi mitatu. Yeye ni Mpare, namfahamu, atasema haiwezekani, halafu itawezekana. Na majeneza usiyasimamishe mbele barabarani, pale jirani kuna mama anauza chapati asubuhi. Weka vitanda mbele, majeneza nyuma. Kwa kibanda chenyewe pita ofisi ya serikali ya mtaa ujiandikishe kabla hujashusha hata ubao mmoja. Barua utaandikiwa na mimi.

Mwana wa Pugu Road

Haya, nimerudi kusoma vizuri. Fundi, naomba radhi. Kitanda cha futi tano kwa sita cha mkongo ni bei gani?

Seremala wa Buguruni

Nimeshakusamehe mkuu, nitumie ujumbe pembeni.

Mama asante sana, nitakuja Jumatatu asubuhi na barua ya mtaa wangu wa zamani. Ustaadh, usiondoke kwanza. Nipe vipimo vya viunza: urefu kiasi gani, unene inchi ngapi, na kwa kaburi moja la mtu mzima vinaingia vingapi? Na mbao za mwembe mnazikubali, au ni lazima ziwe ngumu?